Mbona mtoto hajawekewa dripu?

Hilo swali nimeulizwa na kina mama, mabibi, mashangazi, mjumbe mmoja wa nyumba kumi aliyekuja kamili na kofia yake saa nane usiku, na siku moja dereva wa bodaboda ambaye hata mtoto hakuwa wake, alimleta tu abiria akaona akae asikilizie. Mtoto ana homa, amelegea, keshachomwa sindano ya malaria, keshapimwa sukari, oksijeni iko puani, mi nimekaa pembeni yake nahesabu pumzi, afu mtu anasimama mlangoni anaangalia ule msumari juu ya dirisha tunaotundikiaga chupa, anaona uko mtupu. Basi. Kwake yeye hapo hakuna kilichofanyika.

Na simlaumu, maana mi mwenyewe nesi, cheti kiko ukutani, nimeamini hivyo hivyo kwa miaka. Huku kwetu mgonjwa anayejaliwa ni mgonjwa mwenye dripu. Ukienda kumwona mtu hospitali ukirudi mtaani swali la kwanza ni "wamemtundikia?" na ukisema wamemtundikia mbili watu wanaguna kwa heshima, hali mbaya lakini angalau anahudumiwa. Kuna hadi dripu ya njano, ile wanayochanganya na vitamini B, watu wanaifuata wenyewe kama wanafuata soda, na ukimwambia mtu mzima anayekula ugali wake vizuri kwamba ile njano yote ataikojoa kabla jua halijazama anakuona una roho mbaya.

Sasa ngoja nisimulie usiku mmoja.

Ilikuwa masika ya 2012, mi bado mgeni kazini, kituo kimoja cha afya mkoani Tanga kando ya barabara kuu, sikitaji maana kilikuwa kama vingine tu. Akaletwa mtoto wa kike, miaka miwili kasoro, homa siku ya tatu, mikono na miguu baridi kama kitu kilichotoka mtungini. Ukimbonyeza ukucha unakuwa mweupe, ukiachia unahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndo wekundu unarudi. Mapigo yanakimbia mpaka unapoteza hesabu. Chuoni tulifundishwa huyo ni mtoto wa maji ya haraka, na niseme ukweli nilifarijika, kwa sababu nilijua cha kufanya. Nikapata mshipa mara ya kwanza, nikafunga branula kwa plasta, nikatundika maji ya chumvi, nikafungulia kile kigurudumu mpaka mwisho, matone yakaacha kuwa matone yakawa uzi.

Na ikafanya kazi! Hicho ndo kitu ambacho kimenisumbua miaka yote hii. Ndani ya saa moja viganja vikapata joto, mama yake akavishika akanivuta mkono na mimi nivishike, "nesi hebu ona, amepata moto," akacheka kabisa. Nikapunguza kasi, nikaandika kwenye faili, nikakimbia chumba cha pili kulikuwa na mama anajifungua na usiku ule tulikuwa wawili tu. Nilivyorudi adhana ya alfajiri ilikuwa inakaribia na yule mtoto anavuta pumzi za mbali mbali, unasubiri ya pili unadhani haiji. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa hata hajapokea simu. Akafariki.

Siwezi kusema maji ndo yaliyomuua. Alikuwa na malaria kali, damu ilikuwa imemwishia, angeweza kufariki vyovyote vile. Ila nilikaa miaka na vile viganja vya moto, nikijiambia nilifanya kila kitu, uliona mwenyewe alikuwa ameanza kupata nafuu.

Miaka minne baadaye daktari mmoja kijana aliyekuja kwetu mazoezini akanitumia faili la PDF kwenye WhatsApp, na maneno mawili tu: "Dada soma." Kiingereza cha utafiti kinachosha, nilikisoma kwa vipande vipande kwenye daladala. Utafiti unaitwa FEAST, ulichapishwa 2011 kwenye jarida la madaktari, New England Journal of Medicine, ukiongozwa na Kathryn Maitland aliyekuwa Kilifi, Kenya, pamoja na wenzake wa huku huku, kina Sarah Kiguli na Peter Olupot-Olupot wa Uganda, Samuel Akech wa Kenya, George Mtove wa Tanzania. Hospitali sita: Kilifi, nne za Uganda yaani Mulago, Soroti, Mbale na Lacor, na ya sita ilikuwa Teule, Muheza. Muheza! Mi nilikuwa nakaa mwendo wa basi tu kutoka pale, machungwa nanunua pale, na kitu kilichogundulika pale sikuwahi kukisikia mpaka kizunguke dunia kirudi kwenye simu yangu.

Walichofanya ni hiki. Watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyofika vizuri mikononi na miguuni, kile madaktari wanaita shoku, yaani watoto kama yule wangu, wakagawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu. Kundi la kwanza walikimbiziwa maji yenye alibumini, yaani protini ya damu, la pili maji ya chumvi ya kawaida, la tatu hawakukimbiziwa kitu, walipewa tu matone ya polepole ya kutosha mahitaji ya mwili. Wote walipata dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni, sukari, na damu waliohitaji damu. Wakahesabu waliofariki ndani ya saa 48. Kundi la alibumini asilimia 10.6. Maji ya chumvi asilimia 10.5. Wale ambao hawakukimbiziwa chochote, 7.3.

Rudia kusoma hapo, mi nilirudia, nikadhani nimebadilisha safu za jedwali. Kati ya kila watoto mia waliopewa yale maji ya haraka, kama watatu walifariki ambao wasingefariki. Utafiti wenyewe ulipangwa ufikishe watoto 3,600, kamati inayochungulia takwimu ikausimamisha kabla, maana kuendelea ingekuwa kuendelea kuua. Na wengi walioanzisha kazi ile walitarajia kinyume, kwamba dripu za haraka zingeokoa watoto.

Lakini namba iliyonikalisha chini sio hiyo. Kuna nyingine iko ndani ndani huko. Saa moja baada ya kuanza walirudi kuwaangalia watoto, mikono ina joto? ukucha unarudisha damu? Waliokimbiziwa maji, asilimia 43 shoku ilikuwa imeondoka. Wasiokimbiziwa, asilimia 32. Yaani maji yalifanya kazi, mbele ya macho ya mama na nesi na daktari mtoto alionekana nafuu, na kundi hilo hilo la nafuu ndo likazikwa zaidi. Daladala ilishafika mwisho wa kituo, konda ananiambia dada tushuke.

Kwa nini? Walipochambua tena vifo vile miaka iliyofuata wengi tulidhani watakuta mapafu yamejaa maji au ubongo umevimba, lakini kilichozidi hasa ni moyo na mzunguko wa damu kuporomoka masaa kadhaa baadaye. Uchambuzi wa 2019 ukaongeza kwamba ile chumvi nyingi inaifanya damu iwe na asidi, na maji yanaizimua. Hapo kwenye kuzimua mtu yeyote aliyewahi kukaa jikoni kwenye msiba anaelewa. Chai imepikwa ya watu hamsini, wamefika mia, mama mkubwa anaongeza maji sufuriani. Sufuria imejaa vizuri kabisa, ukichungulia unafurahi, ila chai haipo. Sasa katika watoto wale karibu theluthi walikuja na damu chini ya gramu 5, yaani chai yenyewe ilikuwa rangi rangi toka mwanzo, afu sisi tunaongeza maji na tunafungulia kigurudumu.

Nje huko walibisha sana. Wakasema hao ni watoto wa malaria, hao hawana mashine za kupumulia, sisi Ulaya wagonjwa wetu ni wengine. Mi naona hoja ina kaukweli, ila wenyewe FEAST waligawanya watoto kila namna, wenye malaria na wasio na malaria, wenye damu na wasio na damu, na hakuna kundi ambalo dripu ya haraka ilisaidia. Hata WHO, Shirika la Afya Duniani, walisuasua, kitabu chao cha 2013 cha kutibia watoto hospitalini bado kilikuwa na maji ya haraka, mpaka 2016 ndo mwongozo ukabadilika: miguu baridi, ukucha kuchukua zaidi ya sekunde 3, mapigo dhaifu yanayokimbia, mtoto mwenye homa akiwa na moja au mbili kati ya hizo asikimbiziwe, akiwa nazo zote tatu apewe kwa kiasi, mililita 10 hadi 20 kwa kilo, kwa nusu saa mpaka saa nzima, na apimwe tena. Miaka mitano hiyo. Sijui ni zamu ngapi za usiku.

Afu ikaja Lusaka, Zambia. Watu wazima safari hii, 209, wenye maambukizi makali ya damu na presha imeshuka, karibu tisa kati ya kumi wanaishi na VVU. Nusu wakatibiwa kwa mpango wa kisasa wa maji mengi ya mapema, nusu kwa utaratibu wa kawaida wa pale. Matokeo yakatoka 2017: kwenye mpango wa kisasa walifariki asilimia 48.1, kwenye utaratibu wa kawaida 33. Lita tatu na nusu dhidi ya lita mbili kwenye masaa sita ya mwanzo.

Na Marekani kwenyewe, kwenye vitanda vyenye mashine kila kona, wakaja kujaribu. Utafiti wa CLOVERS, 2023, hospitali 60, wagonjwa 1,563, maji mengi dhidi ya maji kidogo na dawa za kupandisha presha mapema. Asilimia 14.9 na 14.0 walifariki ndani ya siku 90, yaani ngoma droo. Kwa hiyo mwenye mashine maji hayamwokoi wala hayamuui, asiye na mashine yanamuua. Huo ni msemo wangu mimi, sio wao, na mtaalamu anaweza kunikosoa, lakini nikizipanga hizo tafiti tatu mezani ndo naona hivyo.

Hapa nisimame kidogo kabla mtu hajaenda kumng'oa mtoto wake branula. Mtoto anayeharisha na kutapika mpaka macho yameingia ndani HAKUWEMO kwenye FEAST, walimtoa makusudi, pamoja na wenye utapiamlo mkali na walioungua. Huyo amepoteza maji kweli, huyo anarudishiwa alichopoteza, kwa mdomo akiweza kunywa na kwa mshipa akishindwa. Dripu yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya kipindupindu, Thomas Latta kule Leith, Scotland, mwaka 1832, alimwingizia maji ya chumvi mshipani bibi kizee aliyekuwa anaelekea kukata roho. Kwa hiyo kipindupindu kikiingia mtaani kwenu na nesi akasema dripu, ni dripu. Ugomvi wangu ni na ile ya "amelegea, mtundikie".

Barabarani nako kuna hadithi yake. Kituo chetu kilikuwa kinapokea ajali, na ajali siku hizi maana yake bodaboda. Kuna jioni nilisindikiza rufaa, kijana ameumia tumbo, namba ya juu ya presha ni 80 na kitu tu, nyuma ya gari tuko mimi, yeye na shemeji yake. Ndoano ya kutundikia ilikuwa imeshakatika siku nyingi, basi shemeji mtu ndo anashika chupa juu kwa mkono, mkono ukichoka anabadilisha, mi naminya chupa liingie haraka. Chupa la kwanza, la pili. Presha ikapanda nikafurahi, afu ikashuka chini kuliko mwanzo, nikatundika la tatu, kijana anatetemeka meno yanagongana na maji yenyewe yalikuwa ya baridi ya usiku. Alifika hai, alipasuliwa, akapona, nilikutana naye mwaka uliofuata akaninunulia maji ya dafu. Nashukuru Mungu, ila sio kwa sababu ya akili zangu.

Maana Houston, Texas, walishalijaribu hilo zamani mno, matokeo yametoka 1994. Watu 598 waliochomwa visu au kupigwa risasi kifuani na tumboni, presha haizidi 90. Siku moja ambulensi inawapa dripu njiani, siku inayofuata haiwapi mpaka wafike chumba cha upasuaji, wanapokezana hivyo hivyo miaka mitatu. Waliopewa njiani walipona asilimia 62. Waliosubirishwa, 70. Sababu ni ile ile ya sufuria, na nyingine juu yake: mtu anavuja damu, mwili unashusha presha na unatengeneza kidonge cha damu pale kwenye tundu kama kiraka, wewe unakuja unasukuma maji, presha inapanda, kiraka kinaruka. Unakuwa umeweka pampu kwenye bomba lililopasuka.

Sasa tusikimbilie kushangilia. Houston mtu anafika kwenye kisu cha daktari haraka, huku kwetu unaweza kuwa na saa mbili za vumbi mbele yako, na wale walikuwa wa visu na risasi, sio wa kugongwa na Fuso. Utafiti wenyewe haujasema kijana wangu afe na kiu. Waliokuja nyuma wakasema basi tuweke damu yenyewe njiani, ndo akili inavyotuma. Uingereza wakajaribu, RePHILL, majeruhi 432, wengine damu na plazima, yaani yale maji maji ya damu, kwenye ambulensi na helikopta, wengine maji ya chumvi yale yale, kiasi kidogo kidogo. Mwaka 2022 wakatoa majibu, waliofariki au laktati, ile asidi inayopanda mwili ukikosa damu ya kutosha, kugoma kushuka walikuwa asilimia 64 upande wa damu na 65 upande wa maji. Damu! Na haikushinda. Wakati Marekani 2018 majeruhi 501 wa helikopta, waliopewa plazima angani walifariki asilimia 23.2 ndani ya siku 30 na wasiopewa 33.0. Kwa hiyo ukikutana na mtu anakwambia sayansi imeshamaliza hilo suala, muulize sayansi ipi. Mi nilichobaki nacho ni kidogo, kandamiza jeraha, mfunike khanga asipoe, dereva aendeshe, na maji nafungulia kidogo kidogo alimradi bado ananijibu nikimuuliza jina la mama yake.

Nirudi Muheza na Kilifi, kwa sababu kuna swali watu wengi wanaliruka. Wote wanaongea kwa nini waliopewa maji walikufa zaidi. Mi nauliza kwa nini wasiopewa walikufa kidogo vile. Wapanga hesabu walitarajia karibu 11 kati ya mia wangefariki upande ule, wakapata 7. Hospitali zile zile, Afrika hii hii. Kilichoongezeka ni kwamba wahudumu walifundishwa kumtambua mtoto mgonjwa sana pale mlangoni, walikuwa na oksijeni, na kila mtoto alikuwa na mtu wa kurudi kumwangalia, saa ya kwanza, ya nne, ya nane, na kuendelea, kwa sababu karatasi ya utafiti inamdai namba. Mtu alikuwa anarudi kitandani. Sukari ikishuka anaiona, pumzi zikibadilika anaziona.

Na hapo ndo nikajiona mimi. Kwa nini nilipenda dripu? Kwa sababu inaniruhusu kuondoka. Ukishatundika chupa, mama ameridhika, faili limejaa, dhamiri imetulia, kitu kinaendelea kudondoka hata kama mi sipo. Ule usiku wa 2012 sikwenda chumba cha pili kwa uzembe, kulikuwa na mtu anazaa na hatukuwa na mtu wa tatu, ila ile chupa ndo ilinifanya niende bila kugeuka nyuma. Kama msumari ungekuwa mtupu ningerudi kila dakika kumi, ningekuwa na hofu. Tumezifanya chupa kuwa wahudumu wa zamu. Na ukweli mchungu ni kwamba nusu lita ya maji ya chumvi ni rahisi kuagiza kuliko nesi wa tatu wa usiku, hilo hata FEAST haliwezi kulitibu.

Mwezi uliopita kaletwa mvulana wa miaka mitatu na bibi yake. Homa, miguu ya baridi, ukucha sekunde tatu na nusu, mapigo yako vizuri. Anakunywa. Nikampa vyote anavyostahili, oksijeni, sindano, uji kidogo, nikavuta kigoda nikakaa. Bibi akaangalia msumari. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena msumari.

"Nesi, mbona hajawekewa dripu?"

"Bibi, huyu tunamwangalia kwanza."

"Mnamwangalia." Alivyolitamka hilo neno.

"Ndio bibi, nipo hapa hapa, siendi popote."

Akanyamaza kama dakika tano, afu akasogea, akashusha sauti kama tunapatana bei, "Basi hata ile ya njano, mwanangu, kidogo tu."

Nikampa simu yangu anishikie tochi kifuani kwa mtoto. Saa saba pumzi zilikuwa 56. Bibi akaniuliza nahesabu nini, nikamwonyesha, kile kifua kikipanda hesabu moja. Akaanza kuhesabu na yeye, kwa sauti, anachanganya na Bismillahi katikati, dakika ilivyoisha mi nina 48, yeye amefika 61 na anaendelea.